Buluu ya Kufulia na Udongo wa Kwale

Keti hapa, msikilizaji wangu, na mgongo uupe mlango, maana nitakayokueleza yanataka mtu autazame ukuta. Usiwe na haraka. Rangi ya chumba haichaguliwi kwa haraka, na mimi nimejifunza hivyo kwa chumba kimoja tu.

Siku hizi vijana hunijia na vikaratasi vya rangi kutoka madukani Ukunda, wamevishika mkononi kama karata, wakaniuliza, "Bibi, ipi?" Nawaambia sijui. Wao hudhani nafanya mzaha. Sijui kweli, mpaka niambiwe nani atalala humo, dirisha limeelekea wapi, na ukuta wenyewe una nini. Hili la mwisho ndilo watu hulisahau. Basi ngoja nikueleze chumba cha ndani cha nyumba yetu ya Msambweni, miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita. Ukikielewa hicho, vingine utajichagulia mwenyewe.

Nyumba ilikuwa ya fito na udongo, juu makuti, lakini kuta za ndani zilipigwa chokaa nyeupe. Katika chumba hicho tulilala mimi na dada yangu, kitanda kimoja cha kamba. Tukigombana tulilala kichwa kwa miguu, tukipatana tulilala ubavu kwa ubavu. Yeye alinizidi miaka minne. Alikuwa na tabia ya kuzungumza mpaka katikati ya neno usingizi unamchukua, na asubuhi nikimwuliza alikuwa ataka kusema nini, huwa amekwisha kusahau. Yako maneno yake mengi ambayo mimi nilibaki na nusu yake tu.

Akaolewa na karani wa shamba la mkonge, upande wa Tanga. Alasiri ya hina wanawake walijaa chumbani humo, wakampaka mikono na miguu, wakamkalisha kitandani wakamwambia, "Usiguse kitu mpaka ikauke." Lakini alikuwa amekesha siku mbili kwa shughuli. Tulipokuwa tukicheka na kupigana vijembe, yeye akasinzia, akayumba, na ili asianguke akaweka mkono wa kulia ukutani. Vidole vinne na sehemu ya chini ya kiganja. Somo wake, aliyemfunda, akapiga kelele, "Haya, bi harusi ametia sahihi nyumba ya watu!" Wakampaka tena. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso.

Siku ya tatu dada akaenda zake na mumewe. Ile alama ikabaki juu ya kitanda, kwenye ukuta niliokuwa nikiuelekea nikilala. Ilianza ya machungwa, ikawa kahawia, ikakaa hivyo.

Mwaka wa pili ikaja barua kwamba dada ana mimba. Sasa, kama wewe si mtu wa kwetu, nikueleze: kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama yake mzazi. Binti hurudishwa miezi ikikaribia, na akishajifungua hukaa ndani siku arubaini, akandwe na mamake kwa maji ya moto, anyweshwe uji wa pilipili manga, alishwe na alale. Mama alisomewa barua ile mara mbili. Aliposomewa mara ya pili alisema neno moja tu, "Arubaini." Nilijua anahesabu nini. Tangu harusi hakuwa amemwona dada hata siku moja, na sasa angekuwa naye siku arubaini, mlango umefungwa, hana wa kumpokonya.

Ndipo akaanza mambo ya chumba. Chokaa ilikuwa imechakaa, imeshika moshi wa taa, na mama alisema mwanawe hatakaa arubaini akitazama ukuta kama wa jikoni. Kipakwe upya. Na kisipakwe cheupe, maana nyeupe imezoeleka hata kwenye choo cha msikiti. Kitiwe rangi.

Rangi za kutia kwenye chokaa wakati huo zilikuwa mbili kwa watu wa kiasi chetu. Ya kwanza ni buluu ya kufulia, ile ya vidonge tunayosuuzia kanzu nyeupe, ilipatikana duka lolote. Ya pili ni udongo mwekundu wa juu kule Kwale. Mama alitaka buluu. Bibi yangu, mamake mama, ambaye alizaliwa huko juu na akaolewa huko huko, aliposikia habari za mimba aliteremka na kikapu cha udongo kichwani bila ya kuulizwa.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia, nikampokea kikapu.

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu anakusalimu. Anasema meno yamebaki matatu, na yote matatu ni yako."

"Mwambie nimeshukuru, lakini mahari yake haijafika."

"Mahari ndiyo hii," akasema, akapiga kikapu. "Huu ni udongo nilioutoa kwa jembe langu mwenyewe. Chumba cha mzazi hupakwa nyekundu."

Mama alikuwa mlangoni. "Chumba cha mzazi hupakwa buluu, mama. Kuna joto huku pwani. Nyekundu itamchoma mtoto wangu."

"Buluu ni rangi ya zahanati."

"Na nyekundu ni rangi ya mahali walipochinjwa kuku."

Baba, ambaye alikuwa akitengeneza mpini wa shoka uani, aliitwa aamue. Akatia kichwa chumbani, akatazama huku na huku, akasema, "Mimi nikifumba macho zote ni nyeusi," akarudi kwenye shoka lake. Basi kazi ikawa yetu watatu, na mpakaji nikawa mimi, kwa kuwa bibi alikuwa na goti linalouma na mama alikuwa na karai la maandazi.

Chokaa tulikuwa nayo, imechomwa kutokana na matumbawe, imeletwa kwa mapakacha kutoka upande wa Gazi. Unaitia ndani ya pipa na maji, inachemka yenyewe bila moto. Unaiacha siku kadhaa itulie, unaichuja kwa kitambaa, unatia chumvi kiganja kimoja ili ishike vizuri isimchafue anayeegemea. Nikachota kwenye vibuyu viwili. Kimoja nikakitia vidonge vya buluu vilivyopondwa, cha pili udongo uliotwangwa na kuchekechwa. Nikachukua brashi ya kumbi la nazi nikapaka vipande viwili ukutani, kila kimoja ukubwa wa sinia, kimoja kulia kwa dirisha na kimoja kushoto.

Hapo tulifanya kosa ambalo wote wanaopaka chokaa hulifanya mara moja. Tuliamua rangi ikiwa mbichi. Ile buluu ilikuwa imekoza kama kaniki. Ile nyekundu ilikuwa kama ini lililotoka kukatwa. Mama akasema, "Mashaallah, tazama buluu yangu." Bibi akasema, "Nani ataitazama, na hii yangu iko hapa?" Wakabishana mpaka maandazi yakaungua, kila mtu ana hakika na yake.

Asubuhi tulipoamka vipande vimekauka. Chokaa ikikauka hupauka. Weupe wake wote ulikuwa umejificha ndani ya maji. Buluu ya mama ilikuwa kama shuka la mgonjwa lililofuliwa mara mia. Nyekundu ya bibi ilikuwa kama ndani ya pera bivu. Wakasimama mbele ya ukuta. Kisha bibi akasema, "Kwa kweli hii yangu inafaa kumpakia paka," na mama akasema, "Na hii yangu inataka daktari," wakacheka, wakashikana, kila mmoja ameikimbia rangi yake.

Hivyo nikapaka vipande vingine chini ya vile, vilivyokoza zaidi, na safari hii tukakubaliana mtu asiseme neno mpaka siku mbili zipite. Nikaambiwa niangalie na kukumbuka. Nami ndiye niliyekuwa nikilala humo, kwa hiyo niliziona rangi zile saa zote.

Dirisha letu lilikuwa dogo, limeelekea matlai. Asubuhi jua lilipoingia, upande wa buluu ukuta ulirudi nyuma. Chumba kilipata nafasi, ungesema mtu ameondoa sanduku. Upande wa nyekundu ukuta ulisogea karibu, kama mtu anayetaka kukuambia jambo. Adhuhuri zote mbili zilitulia, hakuna iliyomzidi mwenzake. Baada ya magharibi, taa ya chemli ikiwashwa, mambo yaligeuka. Buluu ilikufa ikawa majivu. Nyekundu ndiyo iliyoamka. Uso wa mama, alipoinama karibu nayo kutandika mkeka, ulionekana mchanga, kama alivyokuwa kwenye picha moja tuliyokuwa nayo.

Niliwaeleza yote haya siku mbili zilipopita. Bibi akasema, "Mnaona? Mzazi hukaa na taa. Mchana ni wa watu wa nje." Nilimwona mama anaanza kulegea. Aliigusa ile nyekundu kwa ncha ya kidole akasema, "Kwa taa kweli ni nzuri." Laiti bibi angenyamaza hapo, chumba kingepakwa nyekundu kesho yake.

Lakini bibi alikuwa mtu wa kukamilisha hoja. Akapiga hatua mpaka kitandani, akaelekeza mkongojo kwenye ile alama ya hina.

"Na kuna hili," akasema. "Hina hailali chini ya chokaa. Ukipaka buluu juu yake, mwezi hautapita itatokeza, kama mafuta yanavyotokeza kwenye karatasi. Udongo wangu utaimeza. Hata ikitokeza, hutaiona, ni rangi moja."

Mama akasogea kitandani. Alitazama alama ile, kisha akatazama mlango, kana kwamba kuna mtu anayepita.

"Tutapaka buluu," akasema.

"He! Si umesema hivi sasa hivi..."

"Buluu, mama. Nimekwisha sema. Kuna joto."

Bibi akamtazama binti yake. Halafu akageuka kwangu, akiwa na sauti ya kawaida tu. "Basi kama ni buluu, mke mwenzangu, kabla ya kupaka ulikwangue doa hilo mpaka ufike udongoni, uzibe kwa chokaa nzito. La sivyo litamtazama mzazi arubaini nzima."

"Na wewe," akaongeza, "ulalaye humu, wataka ipi? Hakuna aliyekuuliza."

Nilisema, "Yoyote, bibi." Sikusema kweli. Nilitaka nyekundu. Miezi yote ile nilikuwa nikilala nimeuelekea mkono wa mtu ambaye hayupo, na kuna siku nilikuwa nikizungumza nao, nikimaliza maneno ambayo yeye aliyaacha nusu. Nilichoka. Nilitaka umezwe, nilale.

Asubuhi iliyofuata nikachukua kombe la chaza, lenye ukingo mkali, nikapanda kitandani kwa magoti. Nilikuwa nimekwisha kuligusisha ukutani, chini ya kidole kidogo, na chokaa imeanza kumwagika shukani, mama akaingia na bakuli la unga mikononi. Alisimama. Akaliweka bakuli chini. Akaja akanitoa kombe mkononi, taratibu, vile unavyomtoa mtoto kisu ili asishtuke, akalitia katika fundo la leso yake.

"Tutakwangua baadaye," akasema.

"Lakini mama, nikishapaka..."

"Paka tu, mwanangu. Na hapo usipake nzito. Mikono miwili inatosha, kupaka na kurudia."

Nikapaka. Mikono miwili, nyepesi, buluu ya kukoza. Nilianza na pembe ya mbali, nikazunguka, nikaacha ukuta wa kitanda uwe wa mwisho. Mama hakutoka. Alikaa chini akikanda unga wake, na nilipofika penye vidole aliacha kukanda mpaka nilipovipita.

Adhuhuri bibi akachungulia. "Umekwangua?"

Mama alinitazama. Sijasahau mtazamo ule. Haukuwa wa amri. Alikuwa akiniomba, yeye mama yangu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyowahi kuniomba kitu.

"Tumekwangua, bibi," nikasema.

Bibi hakuwa mjinga. Alivuta hewa ya chokaa puani, akasema, "Alhamdulillahi, basi," akaenda kukaa kivulini.

Chumba kilipendeza. Tulitandika mkeka mpya, tukatundika chandarua kilichofuliwa, mama akanunua bakuli la kuogeshea mtoto akaliinamisha juu ya sanduku lisiingie vumbi. Kuanzia wiki ile, kila basi la kutoka Lunga Lunga, upande wa Tanga, lilipokaribia, mama alikuwa na sababu ya kwenda barabarani. Alikwenda kuuza maandazi. Alikwenda kumwuliza mtu habari za mgonjwa. Mimi nikimfuata. Watu walishuka na magunia yao na watoto wao, wakatusalimu, tukawajibu, basi likaondoka, na mama akasema, "Haya, twende, maandazi yamekwisha," na sinia bado limejaa.

Barua ikaja badala ya dada. Mumewe aliandika kwa heshima nyingi: kwamba miguu ya dada imevimba, mkunga wa hospitali amemkataza kupanda gari, na kwamba mamake yeye, mkwe wa dada, atamwangalia kama binti yake wa kumzaa. Tusiwe na wasiwasi. Baba alipomaliza kusoma, mama alisema, "Wamefanya vizuri. Njia ni mbaya." Kisha akaenda chumbani akafunga dirisha.

Bibi alikaa siku nne zaidi, akarudi kwake juu. Kikapu chake cha udongo alikiacha nyuma ya mlango. "Kitakufaa," aliniambia mimi, hakumwambia mama.

Baadaye tukapata habari kwamba dada amejifungua salama, mtoto wa kike. Tukashukuru, tukapika, tukapeleka sahani kwa majirani. Mimi nikarudi kulala katika chumba cha buluu, kilichokuwa kikubwa mno asubuhi na majivu baada ya magharibi.

Mvua za vuli zilipoanza ukuta ukashika unyevu. Asubuhi moja nikaona pale juu ya kitanda kivuli cha manjano, kama mtu amemwaga chai hafifu. Siku ya pili kimejipanga. Siku ya nne nikahesabu: kimoja, viwili, vitatu, vinne, na sehemu ya chini ya kiganja. Bibi alisema kweli. Nitakueleza kwa nini, usije ukafikiri nakupigia hadithi za majini. Hina hupenda chokaa. Chokaa mbichi ikiwa na maji huivuta kutoka chini kuileta juu, na kila ukuta ukilowa na kukauka huivuta tena kidogo. Fundi yeyote atakwambia. Hakuna ajabu ndani yake.

Nilikwenda nikamwita mama. Alikuja mikono ina unga, akasimama karibu na kitanda. Hakulia, ikiwa unangoja niseme alilia. Alisema, "Bibi akija, tundika kanga hapo."

Tangu siku ile alianza kuja chumbani kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, kunifungulia dirisha. Dirisha lile mimi nilikuwa nalifungua mwenyewe tangu utotoni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, anakunywa kahawa yake, hatazami ukuta hasa, ila amekaa ameuelekea. Nami nililala macho yamefumba nikimsikiliza akimeza kahawa. Nilikuwa nimelala baina yake na ule mkono. Nilitamani, nami sikuwahi kumwambia, kwamba siku moja anifungulie dirisha kwa ajili yangu.

Dada alikuja mwaka wa pili yake, mtoto anatembea. Alikaa siku tisa. Alikuwa amenenepa, amejifunza kusema Kiswahili cha Tanga, anacheka kwa sauti kuliko zamani. Mama alimkanda kana kwamba amejifungua jana. Usiku wa kwanza tulilala watatu kitandani, mtoto katikati, na nikangoja azungumze mpaka usingizi umkatize. Alilala mara moja. Alikuwa amechoka na safari.

Asubuhi, jua lilipoingia, akajinyoosha, akatazama juu.

"Mama!" akaita. "Hebu njoo. Mpakaji wenu alikuwa nani?"

"Mdogo wako," mama akajibu kutoka uani.

"Basi hajui kazi. Tazama doa hili! Ukuta mzuri hivi, buluu safi, halafu kama mtu amefutia mikono ya mchuzi."

Mama akaja mlangoni. Akanitazama, ule mtazamo wa siku ya kombe.

"Nilipaka kwa haraka, dada," nikasema. "Nilikuwa na mambo mengi."

"Mambo gani, na wewe hata mume huna?" Akacheka, akanisukuma bega, nikacheka naye. Kisha akainuka, akaona kikapu nyuma ya mlango. "Si udongo wa bibi huu? Nitautia chokaa kidogo nilifunike sasa hivi, dakika moja."

"Acha," mama akasema.

"Siyo kazi, mama."

"Acha, mwanangu. Udongo huo una kazi yake."

"Kazi gani?"

Mama akaingia. Alimbeba mtoto, akageuza uso, akasema, "Njooni mle, mihogo inapoa." Dada akainua mabega, akachukua leso yake, akatoka. Alipopita kitandani mkono wake wa kulia uligusa ukuta ili asijikwae mkekani, palepale, karibu na alama, chini yake kidogo. Hakutazama.

Nilikuwa na siku nane zaidi za kumwambia. Kila siku nilisema kesho. Niliona kwamba nikimwambia, mama ataonekana kama mtu aliyekaa na doa kwa sababu hana mtu, na mwenye doa mwenyewe yuko hapa, anakula mihogo, hana habari. Siku ya tisa tulimsindikiza barabarani. Mama alimpa kila kitu alichokuwa nacho nyumbani kinachoweza kufungwa ndani ya kitambaa. Tuliporudi, aliingia chumbani akaketi ukingoni mwa kitanda, upande wake uleule, ingawa ilikuwa adhuhuri na hakuna kahawa.

Nilimfuata. Nikaketi karibu naye. Mara hiyo nikauliza, "Mama, nikipake nyekundu?"

Akanishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja kana kwamba hajawahi kukiona. "Wewe ndiye unayelala humu," akasema. "Wewe wataka ipi?"

Ungetarajia nilisema nyekundu. Nami nilikuwa nimeitamani kwa muda mrefu. Lakini mkono wangu ulikuwa ndani ya wake, na dirisha liko wazi, na mwangaza wa adhuhuri, kama nilivyokueleza, hauipendelei rangi yoyote. Nikasema, "Tukiache kilivyo."

Kilikaa hivyo mpaka nilipoolewa mimi. Nyumba ile haipo tena. Pamejengwa ya matofali, kuta zake zina rangi ya dukani isiyopitisha kitu. Mama amekwisha tangulia, na bibi kabla yake. Dada ni mzee kama mimi. Mwaka mmoja, kwenye simu, nilimweleza habari ya mkono wake ukutani. Kisha akasema, "Mbona hamkuniambia, nika..." akaishia hapo. Nimebaki na nusu yake, kama zamani.

Basi hizo ndizo rangi zangu mbili. Najua ulikuja kwa ajili ya chumba chako, na sitakuacha mikono mitupu. Paka vipande viwili ukutani, kila kimoja ukubwa wa sinia. Viache siku mbili vikauke, usiseme neno. Vitazame asubuhi, adhuhuri, na baada ya kuwasha taa, ukiwa umekaa pale atakapolala mwenye chumba, na umwulize yeye kwanza. Halafu pitisha kiganja chako juu ya ukuta mzima, polepole, na ukikuta alama, waite wote wa nyumba hiyo uwaulize ni ya nani kabla hujashika kombe la kukwangulia.